Beba Yote, Mpaka kwa Mpaka, Mshale au Machi Tu: uchague kanuni ipi kuchora himaya za kikapu cha vyuo vya Marekani

Ramani za himaya zilivuma kwanza kwenye futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Kila kaunti ya nchi inapewa timu iliyo karibu nayo zaidi, timu ikifungwa inamwachia mshindi ardhi yake yote, na kila wiki ramani inapakwa rangi upya. Kwenye futiboli kanuni hiyo imetulia: timu za daraja la juu ni mia na thelathini na kitu, na kila moja hucheza mechi 12 za msimu wa kawaida, moja kwa wiki. Kikapu ni habari nyingine. Msimu wa 2024–25 Divisheni ya Kwanza ya wanaume ilikuwa na timu 364, kila moja ikicheza mechi thelathini hivi kuanzia mwanzoni mwa Novemba. Hizo ni zaidi ya mechi 5,000 kabla hata mashindano ya Machi hayajaanza. Anayebeba kanuni ya futiboli bila kuigusa hujikuta Januari ana ramani yenye rangi chache tu na hajui zilikokwenda nyingine.

Kanuni zinazotumika ni nne. Majina ya Kiswahili hapa tumeyatunga kwa urahisi wa kuzitofautisha.

Beba Yote

Hii ndiyo kanuni ya asili. Ukimfunga mwenye ardhi, unachukua kila kaunti aliyonayo, ziwe za kwao au alizoteka. Ukimfunga hohehahe, hupati kitu.

Kabla ya kuichagua, elewa hesabu yake, maana watu wengi huilaumu ramani kwa jambo ambalo kanuni yenyewe imelipanga. Idadi ya timu zenye ardhi haiongezeki hata siku moja. Mwenye ardhi akikutana na hohehahe, ardhi inabaki au inahama, lakini mwenye ardhi ni mmoja vilevile. Idadi inapungua pale tu wenye ardhi wawili wanapokutana. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya Novemba ni kama mafuriko: kila mtu ana ardhi, kwa hiyo kila mechi inafuta timu moja, na baada ya timu zote kucheza mara moja karibu nusu zimeshatoka. Desemba kasi inapungua. Wenye ardhi wamebaki wachache na hawakutani ovyo.

Halafu inakuja Januari, na timu zinajifungia ndani ya konferensi zao, yaani yale makundi ya vyuo vinavyochezeana wenyewe hadi Machi. Msimu huo wa 2024–25 zilikuwa 31. Ardhi iliyoingia konferensi fulani kabla ya Mwaka Mpya ni nadra itoke tena kabla ya Machi. Utamu wa Beba Yote uko hapa. Timu za konferensi ndogo kama SWAC hutumia Novemba na Desemba kusafiri kwenda kucheza ugenini kwa vyuo vikubwa, kwa malipo, na nyingi hurudi zimefungwa. Konferensi nzima inaweza kuingia Januari bila kaunti hata moja. Lakini ikitokea timu moja ndogo ikamfunga mkubwa aliyekwisha kumeza majimbo matatu, majimbo hayo yanakwenda kufungiwa ndani ya konferensi ndogo kwa miezi miwili, yakipokezanwa na vyuo ambavyo watazamaji wengi hawajawahi kuvisikia.

Machi nayo ina mantiki yake. Kila konferensi hufanya mashindano ya mtoano. Anayefungwa humo anapoteza ardhi yote, hivyo mwishoni ardhi yote ya konferensi iko kwa bingwa wake, na bingwa huyo ndiye anayepata nafasi ya moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa ya timu 68. Zile 37 zinazoalikwa kwa ubora wake, hata ziwe na sifa gani, zinaingia mikono mitupu, kwa sababu zimetoka kufungwa kwenye konferensi zao.

Mwaka 2023 unaonyesha jinsi inavyokwenda. UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut; Watanzania wengi wanaikumbuka kwa Hasheem Thabeet, aliyeichezea hadi 2009) ilifungwa na Marquette katika nusu fainali ya konferensi ya Big East, kwa hiyo iliingia mashindano ya taifa bila shamba wala kiwanja. Marquette ikatwaa Big East, kisha ikafungwa na Michigan State, iliyofungwa na Kansas State, iliyofungwa na Florida Atlantic, iliyofungwa na San Diego State kwa pointi moja, 72–71. Upande wa pili Purdue, bingwa wa Big Ten, ilifungwa 63–58 na Fairleigh Dickinson, timu iliyokuwa imepoteza fainali ya konferensi yake. Siku mbili baadaye Fairleigh Dickinson ikafungwa na Florida Atlantic hiyohiyo. UConn ikaimaliza San Diego State 76–59 kwenye fainali, na ardhi iliyoiachia Marquette ikaifikia tena baada ya kupita mikononi mwa timu tano.

Je, bingwa wa taifa anamaliza akiwa na nchi nzima? Mara nyingi, si lazima. Ardhi inakwama kwa njia tatu. Ya kwanza ni timu iliyohamia Divisheni ya Kwanza hivi karibuni na bado haijaruhusiwa kucheza mashindano ya taifa: Bellarmine ilitwaa konferensi ya ASUN mwaka 2022, Merrimack ikatwaa ile ya NEC mwaka 2023, na zote mbili zilibaki nyumbani. Kama zilikuwa na ardhi, ilibaki nazo. Ya pili ni konferensi isiyozipeleka timu zote kwenye mtoano. Ivy League huchukua nne tu kati ya nane. Mwaka 2025 Big Ten na ACC zilikuwa na timu 18 kila moja zikachukua 15. Timu ya mkiani ikishinda mechi yake ya mwisho ikiwa na ardhi, imelala nayo. Ya tatu ni kujiondoa. Mwaka 2021 Duke iliacha mashindano ya konferensi yake kwa sababu ya Korona bila kufungwa, ikamaliza msimu hapo, na timu ambayo haikufungwa hainyang'anywi.

Andika kanuni za matukio haya Novemba. Ukingoja Machi, kila shabiki ataona umependelea.

Kazi ya mikono ni ndogo kuliko inavyotisha. Jedwali moja la Excel linatosha: safu ya kaunti, safu ya mmiliki. Kila matokeo ni agizo moja tu, tafuta jina la aliyefungwa, badilisha liwe la mshindi. Na hulazimiki kupanga mechi za siku moja kwa saa, kwa sababu timu haichezi mara mbili kwa siku, hivyo matokeo ya siku hiyo hayaingiliani. Panga kwa tarehe, basi. Angalia tu mechi za Hawaii, ambazo kwa saa za pwani ya mashariki huisha baada ya saa sita usiku; tumia tarehe ya uwanjani.

Mechi dhidi ya timu zisizo za Divisheni ya Kwanza zitoe kabisa. Mwaka 1982 Chaminade, chuo kidogo cha Honolulu, kiliifunga Virginia iliyokuwa namba moja nchini, 77–72. Tukio la namna hiyo likitokea na ukalihesabu, himaya nzima inatumbukia kwa timu ambayo huenda isikutane tena na mwenye kuweza kuikomboa. Kadhalika ubingwa ukifutwa baadaye, kama ule wa Louisville wa 2013 uliofutwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, mwaka 2018, ramani ibaki na kilichotokea uwanjani.

Mpaka kwa Mpaka

Hapa mshindi hachukui himaya. Anachukua kaunti moja, au idadi uliyoiweka, na ni lazima iwe inapakana na ardhi yake. Timu zisizopakana zikicheza, ramani haitikisiki.

Faida ni kwamba hadi Machi timu nyingi bado zina kitu, na mstari wa mbele unaonekana ukisogea, kitu ambacho Beba Yote haina kabisa. Hasara ni kwamba mechi kubwa nyingi hazina maana. Duke na Kansas zikikutana Novemba dunia nzima inatazama, lakini kati ya North Carolina, nyumbani kwa Duke, na Kansas kuna majimbo kadhaa, na ramani yako haitasema neno. Inazifaa zaidi konferensi za kizamani zilizokaa eneo moja. Kwa Big Ten ya leo, inayoanzia New Jersey hadi Los Angeles, au ACC yenye Stanford na California, ni mateso.

Utahitaji orodha ya kaunti zinazopakana. Ofisi ya Sensa ya Marekani inayo faili tayari, usiandike kwa mkono. Yanayoharibika ni haya: Hawaii haipakani na mtu, kwa hiyo bila kanuni ya njia ya bahari chuo chake hakitekwi wala hakiteki. Alaska nayo imetenganishwa na majimbo mengine na Kanada. Maine inapakana na New Hampshire peke yake, na timu pekee ya Divisheni ya Kwanza ya Maine inakaa pale kama mzee barazani, adui yuko upande mmoja tu. Pia timu inaweza kukatwa vipande viwili. Amua mapema kama kipande kilichotengwa kinaweza kushambulia.

Na uamue nani anachagua kaunti. Ukimwachia mshindi, au mashabiki wa timu hiyo kwa kura, wataifuata ile yenye chuo cha adui. Kanuni nyepesi isiyo na ugomvi: inachukuliwa ile ambayo kitovu chake kiko karibu zaidi na uwanja wa mshindi.

Mshale

Hii haisubiri msimu. Programu inachagua timu kwa bahati nasibu, mshale unazunguka kuonyesha upande, jirani wa upande huo anashambuliwa, na mshindi anabeba yote. Ni ya video na ya kujiburudisha. Hesabu yake ni safi: kila pigano linafuta timu moja, kwa hiyo timu 364 zinahitaji mapigano 363 kamili, na kwa mapigano kumi kwa dakika utamaliza dakika 36 na ushee.

Kosa la kawaida ni kugawa ushindi nusu kwa nusu. Hapo anayefaidika ni wa pembezoni. Hawaii au Maine ina majirani wachache, inashambuliwa mara chache, na inafika mbali bila kuwa na timu nzuri, huku vyuo vya Indiana na Ohio vikipigwa kutoka pande zote. Weka uzito kulingana na ubora wa timu. Orodha ya viwango ya KenPom au NET inafaa. Uzito mkubwa mno nao unaua mchezo. Ikiwa timu ya kwanza inamshinda ya 300 mara 99 kwa 100, jibu linajulikana kabla mshale haujasimama.

Machi Tu

Unaanza Jumapili timu 68 zinapotangazwa. Ardhi ya nchi nzima inagawanywa upya kwa hizo 68, aliye karibu anachukua, kisha Beba Yote inaendeshwa kwa mashindano hayo peke yake. Mechi ni 67, zikiwemo nne za mwanzo zinazochezwa Dayton, Ohio, Jumanne na Jumatano. Hakuna ardhi inayokwama, na hohehahe wa kuanzia ni nadra. Bingwa anamaliza na kila kaunti, bila "isipokuwa".

Una Jumapili usiku na Jumatatu kuandaa kila kitu, na hiyo inatosha ikiwa faili la kaunti umeliandaa wiki moja kabla na umbali unakokotolewa na fomula. Usumbufu wake ni upande wa magharibi. Timu nyingi ziko mashariki ya mto Mississippi, hivyo chuo kimoja cha milimani kilichoingia kama bingwa wa Big Sky kinaweza kuanza na eneo kubwa kuliko timu kumi za mashariki zikiunganishwa, na kufungwa nalo siku ya kwanza.

Kwa hiyo ipi?

Kama ni mara yako ya kwanza, anza na Machi Tu. Kama uko tayari kukaa na Excel dakika kumi na tano kila asubuhi kuanzia Novemba, Beba Yote ndiyo yenye uhondo wa kweli, kwa sababu inakupa sababu ya kufuatilia mechi ya Alhamisi ya konferensi ndogo yenye nusu ya Texas mfukoni. Mpaka kwa Mpaka ichague kwa konferensi moja, usiichague kwa nchi nzima. Mshale ni wa Julai, wakati hakuna mechi.

Kuna chaguo la pili ambalo wengi hulipita bila kuliona: unatangaza ukubwa wa himaya kwa kipimo gani? Tazama sehemu tatu hizi, kwa sensa ya 2020, kila moja ikiwa asilimia ya nchi nzima:

| | Kaunti | Eneo la nchi kavu | Watu |
|---|---|---|---|
| Alaska | 30 (1%) | 16% | 0.2% |
| Texas | 254 (8%) | 7% | 9% |
| Kaunti ya Los Angeles | 1 (0.03%) | 0.1% | 3% |

Alaska haina timu ya kikapu ya wanaume ya Divisheni ya Kwanza. Kwa kanuni ya ukaribu, karibu yote inakwenda Seattle, na ndani ya Seattle kuna vyuo viwili: University of Washington na Seattle University. Cha kwanza kiko kilomita chache tu kaskazini ya cha pili, na kwa kilomita hizo chache kinapewa moja ya sita ya nchi. Ukitangaza kwa eneo, atakayeifunga Washington mapema Novemba ataonekana mfalme kwa kazi ya usiku mmoja. Ukitangaza kwa kaunti, Georgia (159) inapata uzito mkubwa, na Arizona yenye kaunti 15 inadhulumiwa. Idadi ya watu ndiyo inayokaribia haki, ingawa kwenye ramani haionekani kwa macho. Chora kwa kaunti, andika pembeni asilimia ya watu.

Mijini kaunti zenyewe zinashindwa. Philadelphia ni kaunti moja, na ndani yake mna Temple, Penn, Drexel na La Salle. Washington D.C. ina Georgetown, George Washington, Howard na American. Bronx ina Fordham na Manhattan, ambayo licha ya jina lake haiko Manhattan. Ukimpa kaunti aliye karibu na kitovu chake, wengine wanaanza msimu bila kitu, na katika Beba Yote mtu wa namna hiyo anaanza akiwa hohehahe. Tiba ni kuigawa kaunti hiyo vipande kwenye programu kama QGIS, kipande kimoja kwa kila chuo. Kwa anayepaka rangi kwenye tovuti ya MapChart hilo haliwezekani. Atumie orodha ya pembeni ya "wapangaji", kila mmoja akihesabiwa sehemu ya kaunti.

Hitilafu mbili za faili zinazokula saa nyingi. Kila kaunti ina namba ya tarakimu tano, mbili za jimbo na tatu za kaunti, na Excel hufuta sifuri ya mwanzo: 01001 ya Autauga, Alabama, inageuka 1001, ramani haiitambui, na majimbo yote kuanzia Alabama hadi Connecticut yanabaki meupe. Ifanye safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kubandika data. Ya pili ni Connecticut yenyewe. Tangu 2022 Ofisi ya Sensa imeacha kaunti zake nane za zamani na kutumia kanda tisa zenye namba mpya. Ukichanganya faili la mipaka la zamani na data mpya, jimbo zima linatoboka, na ndiko nyumbani kwa UConn. Tumia faili za mwaka mmoja. Kwa picha ya mtandaoni chukua mipaka ya kipimo cha 1:20,000,000. Ile ya 1:500,000 ni nzito na jicho halioni tofauti.

Rangi usizitegemee. Duke, Kentucky, Kansas na North Carolina zote ni za buluu. Weka nembo katikati ya kipande kikubwa cha kila himaya.

Wanaume au wanawake? Kanuni ni zilezile, na mashindano ya wanawake nayo yana timu 68 tangu 2022. Tofauti ni kwamba kwa wanawake timu 16 za juu huchezea nyumbani raundi mbili za kwanza, na wakubwa huanguka mara chache zaidi. South Carolina ya 2024 ilimaliza 38–0, kwa hiyo haikupoteza kaunti hata moja tangu Novemba. Kwa wanaume Gonzaga ya 2021 ilifika fainali bila kufungwa, ikaangukia kwa Baylor 86–70. Virginia, bingwa wa ACC mwaka 2018, ilipigwa 74–54 na UMBC, timu ya mwisho kwenye kundi lake, ambayo nayo ilikaa na ardhi hiyo siku mbili. Anayependa mishtuko achukue wanaume.

Bado swali la Novemba inayofuata: unafuta na kugawa upya, au unaendelea ulipoishia? Ukiendelea na Beba Yote, hakuna tena ramani. Nchi nzima ni kitu kimoja kinachohama kama mkanda wa bondia. Kama ungeanza hivyo kwenye fainali ya wanawake ya Aprili 2015, UConn ingeshikilia kaunti zote hadi tarehe 31 Machi 2017, siku Mississippi State ilipokatiza ushindi wake wa mechi 111 mfululizo, 66–64 katika muda wa nyongeza. Siku mbili baadaye Mississippi State ingezikabidhi zote kwa South Carolina.